Nyumba ya Msonge Juu ya Ubao wa Chai

Katika miaka ya sabini nilikuwa na mikono mizuri na akili fupi. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi kule Kasulu, na wenzangu walipokwenda kunywa pombe ya ndizi baada ya kazi, mimi nilijifungia chumbani nikitengeneza vijumba. Nilianza na lori la mabua ya mtama, likafuata kanisa, kisha soko zima na vibanda vyake, kila kitu kwa kipimo. Walinitania kwamba nitaoa mke wa udongo. Niliwaacha waseme.

Wazazi wangu walikaa upande wa Kibondo, juu ya kilima, katika nyumba ya msonge iliyozungukwa na migomba. Kisha kwa amri ya serikali watu wa vilimani wakahamishiwa kijiji kipya, kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mistari kama madawati. Nyumba yetu ilichomwa moto ili tusirudi. Nilipokwenda likizo nilimkuta baba kwenye kijumba cha miti na udongo ambao haujakauka vizuri, anakohoa, amekaa ameelekea kilimani. Hakulalamika. Sahani ya ugali na maharage ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

"Mwanangu," mama akaniambia, "baba yako anakufa kwa kukikumbuka kile kilima."

Nikaona hapo ndipo mikono yangu itakapofaa. Kama baba hawezi kurudi kilimani, nitamletea kilima chake uani, ale, aache kutazama mbali.

Nilipanda huko siku tatu mfululizo nikiwa na daftari. Nyumba ilikuwa duara la majivu tu, lakini migomba ilikuwa bado imesimama, mmoja una mkungu ulioiva na hakuna wa kuukata. Nilipima kwa hatua, kama baba alivyokuwa akipima kila kitu, na kila hatua nikaifanya upana wa kidole. Nilihesabu migomba mmoja mmoja. Nililia pia, sioni aibu kusema. Udongo niliuchota bondeni, paa nikalisuka kwa nyasi nyembamba, migomba nikaikata kwenye karatasi za daftari na kuisugulia majani mabichi. Yote nikayapanga juu ya ubao wa sanduku la chai, nikauweka pembeni mwa ua, nikamshika baba mkono, nikampeleka mpaka pale.

Akainama karibu. "Hiki umemjengea nani?"

"Wewe, Data," nikamjibu, kama tunavyomwita baba kwa Kiha. Nilikuwa nimevimba kichwa. "Ni chako."

Akatazama mlango mdogo, kisha akanitazama mimi. "Na mimi ningali hapa," akasema, akarudi ndani.

Nilidhani amezidiwa na furaha. Kesho yake akaagiza mdogo wake aitwe, akamkabidhi mkuki, akaeleza nani achukue mbuzi na nani achukue majembe. Ndipo mama aliponivuta jikoni akaniuliza, bila hasira, kama kweli sijui. Sikujua. Kwetu, zamani, kijumba cha nyasi uani hujengewa mtu aliyekufa, ili roho yake ipate pa kukaa. Baba alikivunja cha babu alipobatizwa, kabla sijazaliwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyekitaja mbele yangu. Nilikuwa nafundisha watoto wa watu mito ya Ulaya, na hili la uani kwetu sikulijua.

Nilitaka kukivunja papo hapo. Mama akanizuia. "Umeshamwambia ni chake. Ukikivunja, utamwacha bila pa kwenda."

Nikampigia baba magoti kando ya mkeka wake, nikaeleza kwamba ni kazi ya mikono tu, nilitaka apate kitu cha kutazama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Siku nne hakuniita, na chakula nilichompelekea mimi hakukigusa. Niliichukia mikono yangu.

Siku ya tano akaomba ubao uletwe ndani. Akauweka mapajani, akapitisha kidole mlangoni.

"Hapa nyuma palikuwa na jiwe la kusagia la mama yangu," akasema.

Nikatoka mbio kutafuta kokoto bapa.

"Zizi umelifanya kubwa. Hatua zako ni ndefu kuliko zangu."

Nikalipunguza. Asubuhi ile alisema mengi kuliko mwezi mzima, nami nikathubutu kuamini kwamba amenisamehe. Kisha nikaelewa anachofanya. Alikuwa akikagua mahali anapohamia, na safari hii hakuna aliyemsukuma. Nilirekebisha kila alichosema.

Alifariki mvua zilipoanza. Alizikwa kwenye makaburi mapya ya kijiji, nayo yamepangwa kwa mistari, na katekista akasali vizuri. Mama, ambaye hakuwahi kukosa ibada ya Jumapili, alisubiri watu watawanyike, akaubeba ubao kichwani mpaka kaburini, akaugeuza mlango uelekee kilimani na kumimina pombe ya ndizi kidogo mbele yake.

"Mkaribishe baba yako," akaniambia. "Wewe ndiye uliyejenga."

"Karibu, Data," nikasema.

Nilikuwa nimeanika udongo ule juani tu, sikuuchoma. Likizo ilipokwisha nilipita makaburini kuaga. Paa lilikuwa limelala chini, migomba ya karatasi imekuwa uji, na ukuta wa zizi ulikuwa matope. Nyumba ya baba yangu ilikuwa imeanguka mara ya pili. Ile ya kwanza niliwalaumu walioichoma. Hii niliijenga mwenyewe, na tangu siku hiyo sijajenga nyingine.