Kidoti Cheupe cha Deo

Vumbi likipashwa moto na umeme hutoa harufu yake ya pekee, kama ya sweta ya sufu iliyoanikwa karibu mno na mafiga. Mjukuu wangu alipowasha mashine yake ya michezo sebuleni kwangu, hapa Uru, harufu hiyo ilinikuta mlangoni. Nikakaa kwenye kiti cha karibu bila hata kuitikia shikamoo yake. Kijana akadhani nimeduwazwa na kioo chake.

"Babu, sogea uone! Hata jasho la mchezaji linaonekana. Nyasi moja moja! Enzi zenu mlikuwa mnaonaje?"

Nilikuwa nimesharudi kwenye sebule nyingine, mjini Moshi, niko darasa la sita, natamka neno ambalo hadi leo natamani ningelimeza: "Sawa, nitakuja peke yangu."

Sebule hiyo ilikuwa ya kina Karim. Baba yake aliuza vitambaa mjini, na mama yangu alikuwa akiwapelekea ndizi, ndivyo tulivyofahamiana. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Televisheni sikuwahi kuiona penginepo, na ya kwao haikuonyesha kipindi chochote. Ilikuwa ya kuunganishwa na kisanduku alichotumiwa Karim na mjomba wake wa Nairobi. Ukikiwasha, kioo kinabaki cheusi, kisha vinatokea vijiti viwili vyeupe, kimoja kila upande, na kidoti cheupe kinachokwenda na kurudi katikati. Tik. Tok. Mchezo ndio huo mzima. Hapakuwa na uwanja, hapakuwa na mtu, hapakuwa na jani hata moja.

Nilikuwa nikishuka huko kila Jumamosi na Deo, jirani yangu. Kihamba chao, shamba la kuzunguka nyumba, kilipakana na chetu, migomba yao ikiangukia upande wetu na kuku wetu wakitagia upande wao, na baba yake alikuwa mpagazi wa kubebea wageni mizigo mlimani. Deo hakuwa hodari wa kuchezesha kijiti. Kazi yake ilikuwa kusema. Kabla hatujaanza alikaa sakafuni, akakunja miguu, akatutangazia kidoti ni nini siku hiyo.

"Leo ni yai la kuku wa bibi yangu," alisema mara moja. "Kuku mwenyewe yuko pale dirishani anawatazama. Karim, likipasuka utakwenda kujieleza kwa bibi, na bibi hasikii Kiswahili."

"Basi nitamwambia ni Aloisi!" Karim akaninyooshea kidole.

"Bibi atakupiga kwanza, ndipo aulize jina."

Karim alicheza huku jasho linamtoka, kwa yai ambalo halikuwapo.

Siku nyingine kidoti kilikuwa jiwe lililong'oka juu mlimani, na vijiti vyetu vilikuwa wapagazi wawili wanaolizuia lisifike kwenye hema alimolala baba yake Deo. Siku hiyo hatukucheka. Deo alishusha sauti hadi ikawa kama ya mtu anayeongea kanisani. "Linakuja. Limepita kichaka. Aloisi, kushoto kwako. Mzee amechoka, amelala, hajui kitu..." Nilisikia baridi miguuni, hapo Moshi mjini, na joto lote lile. Nilipokikosa kidoti nilipiga ukelele, mama yake Karim akatoka mbio jikoni na mwiko mkononi akiuliza nani ameumia.

Ndipo ikaja mashine mpya, ile ambayo Karim alikuwa ametutambia sote kwamba iko njiani. Karim alinipa habari nilipopeleka ndizi katikati ya wiki, na macho yake yalikuwa yamemtoka. Ina rangi, alisema. Ina gari, barabara, miti, mawingu, na gari likigonga unaona linavunjika.

"Njoo Jumamosi. Ila Deo usije naye."

"Kwa nini?"

"Baba hataki watu wengi kwenye mashine hii. Halafu Deo ana kelele. Safari hii hatuhitaji mtu wa kutueleza, kila kitu kinaonekana."

Ningeweza kusema basi, au sote au hapana. Ningeweza hata kunyamaza. Nilisema sawa, nitakuja peke yangu, na nilisema upesi, kama mtu anayeogopa mwenzake asibadili mawazo.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya maji. Wenzangu mliokulia huku juu mnajua mfongo unavyokwenda: mfereji mmoja unashuka toka mtoni, nyumba zinapokezana, kila nyumba na lango lake la kuzibwa kwa vipande vya mgomba na udongo. Zamu yako ikifika lazima mtu wa kwenu awe amesimama langoni kuyapokea. Asipokuwapo, mzee wa mfongo anayapitisha kwa anayefuata chini, nawe unasubiri mzunguko mzima. Mama alikuwa na usemi wake: maji hayamsubiri asiyekuwapo. Zamu yetu ilitangulia, ya kina Deo ikifuata, kwa hiyo tulizifanya pamoja. Mmoja alilinda juu, maana wapo watu waliojua kuchepusha maji ya wenzao, na mwingine aliyaongoza shambani. Mvua zilikuwa zimekatika mapema mwaka huo, na maharage, yetu na ya mama yake Deo, yalikuwa yametoa maua. Bila maji wiki ile maua yangepukutika. Nilijua hivyo vizuri kabisa. Mtoto wa huku hahitaji kufundishwa.

Asubuhi nilimkuta Deo langoni kwetu na jembe begani.

"Mama anaumwa," nikamwambia. "Amenituma mjini nikatafute dawa."

Alinitazama. "Anaumwa nini?"

"Tumbo."

"Pole yake. Nenda basi, nitaanza na ya kwenu. Lakini rudi kabla ya jua la utosi, Aloisi, zamu yetu itanikuta peke yangu."

"Nitarudi."

"Na ukipita kwa kina Karim, kisalimie kidoti. Kiambie Jumamosi ijayo kinakuwa nyoka."

Nilishuka mlima nikikimbia. Mama nilimwacha akiamini niko mfongoni.

Sitawadanganya kwa kuwa nimezeeka: picha zile zilikuwa nzuri. Barabara nyekundu, mbingu ya bluu iliyokolea kuliko ya kwetu, gari la manjano likipinda nawe. Nilishika kile kidude cha kuchezea kwa mikono miwili. Tulicheza, tukabadilishana, tukacheza tena. Ilinichukua muda kutambua kuwa hatusemi kitu. Gari liligonga mti, likavunjika vipande vipande kama Karim alivyoahidi, na mimi sikushtuka. Nilibonyeza, likazaliwa jipya. Likagonga tena.

"Kizuri, eti?" Karim aliuliza.

"Kizuri."

"Sasa mbona umenuna?"

"Sijanuna."

Dirishani kivuli cha nguzo ya umeme kilikuwa kimesogea hadi kwenye mlango wa duka la jirani, nami nilikijua kile kivuli. Kikifika pale mimi na Deo huwa tunaanza safari ya kurudi. Nikajiambia bado gari moja. Likaisha, nikajiambia bado moja. Karibu kila mara nilitazama kivuli kabla ya kutazama barabara, na bado mkono haukukiachia kidude. Nilikuwa nikitafuta kitu kwenye zile rangi, ile baridi ya miguuni, nikidhani iko mbele kidogo, kwenye kona inayofuata. Kivuli kilipanda ukuta.

Nilipopanda kurudi jua lilikuwa limeegemea. Nilikimbia mpaka mate yakawa na ladha ya chuma. Kabla sijafika kwetu nililiona lango la kina Deo limezibwa, kavu, na chini yake maji yakienda kwa kasi kwenye shamba la mtu mwingine.

Deo alikuwa ameketi ukingoni, matope hadi mapajani. Shamba letu nyuma yake lilikuwa limelowa vizuri, kila tuta.

"Ukingo wa kwenu ulipasuka," alisema. Hakupandisha sauti. "Maji yakawa yanakwenda njiani. Nikawa naziba. Mzee wa mfongo akapita langoni kwetu, hakukuta mtu."

"Hukumwita?"

"Nilimwita. Akasema sheria ni kusimama langoni, siyo kupiga kelele kutoka kwa watu."

Nikaanza kumweleza kuhusu duka la dawa, foleni, sijui nini. Akaniacha niseme mpaka nikakwama mwenyewe.

"Mama yako amepita hapa asubuhi," akasema. "Ulikuwa hujafika hata barabarani. Ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anaimba. Akaniuliza mwenzio yuko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia uko juu, unalinda maji."

Kwa hiyo alijua. Tangu asubuhi alijua kuwa nimemdanganya, na bado alinifichia kwa mama, akasimama zamu yangu, akaziba ukingo wangu huku maji yake yakipita. Nikatamani anipige. Ningepigwa pale, pengine tungekuwa tumemaliza.

"Huo mchezo una rangi?" akauliza. Karim alikuwa ameshatutambia sote juu ya mashine iliyokuwa ikija. Haikuhitaji mganga kujua nilikokwenda.

"Ndiyo."

"Nyingi?"

"Nyingi."

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua jembe lake, akaenda kwao.

Maharage ya mama yake yalipukutisha maua kabla mzunguko haujarudi. Yetu yalizaa. Mama alipoujua ukweli wote hakunichapa. Alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akalifunga fundo, akaniweka mbele yake tukaenda kwa kina Deo na kikapu cha maharage yetu ya kwanza. Mchagga akiletewa isale hakatai kusamehe, hata kama ameuliwa ng'ombe wake. Baba yake Deo alikuwa ameshuka mlimani siku hizo, akamwita mwanawe. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikasema maneno niliyofundishwa. Deo akalipokea.

"Nimesamehe," akasema.

"Yameisha," akasema baba yake, na wakubwa wakahamia kwenye pombe ya mbege.

Nami niliamini yameisha. Jumamosi iliyofuata nilimpitia twende mjini, akasema ana kuni za kukata. Iliyofuata hivyo hivyo. Shuleni tulikaa dawati moja, tulisaidiana hesabu, hakuninyima kitu hata siku moja. Ila nilipomwambia, tukiwa tunarusha kokoto mtoni, "Deo, sema, leo hii kokoto ni nini?" alinitazama kwa upole na kusema, "Ni kokoto."

Miaka mingi nilidhani ni hasira, na kwamba hasira itapoa. Nimeelewa uzeeni. Isale huondoa ugomvi. Ilifanya hivyo, sikuwahi kuona chuki machoni pake. Lakini mtu anayekutengenezea jiwe, hema na baba aliyelala kutokana na kidoti kimoja, anakukabidhi mlango wa ndani kabisa wa kichwa chake, na mlango huo haufunguliwi kwa jani. Mjukuu wangu aliuliza tulikuwa tukionaje. Tulikuwa tukiona kwa Deo. Picha safi hazina kosa lolote, kijana na azifurahie. Kosa lilikuwa langu, niliyesikia "kila kitu kinaonekana" nikaamini hivyo.

Bado tunapakana. Alinisimamia harusi, nami nilimchimbia baba yake kaburi. Jioni nyingine namsikia ng'ambo ya migomba akiwatisha wajukuu wake kwa mpira wa majani makavu, nao wanapiga mayowe. Nikitokea, anasimama, ananikaribisha kiti, ananiuliza hali ya mifugo.

Nilikuwa na rafiki mmoja maishani, nikambadilisha kwa mchana mmoja wa kutazama gari la manjano. Alinisamehe siku ile ile niliyomwomba. Tangu hapo nimekuwa na jirani mwema, na rafiki sijampata tena.