Cadet Nsengimana na Fimbo za Mtumba

Cadet Nsengimana, fundi baiskeli wa Heru Juu, ana fimbo tano za kuvulia samaki ambaye hajawahi kukanyaga Kigoma.

Samaki huyo anaitwa besi. Anaishi Marekani, kwenye maziwa yenye sehemu ya kuegesha magari. Cadet anamjua kwa picha tu, tena picha moja iliyobanduka nusu kwenye mpini wa fimbo yake ya kwanza: samaki mnene, kafungua mdomo kama mzee wa kanisa aliyetajiwa bei mpya ya sukari.

Na usidhani fimbo hizo zilifika huku kwa kupotea njia. Zililetwa na upendo. Waumini fulani wa mbali walifungua mabanda yao, wakakusanya fimbo za babu zao marehemu, wakazifunga kwenye kontena pamoja na viatu vya kutelezea barafu, wakazituma kambi ya Nyarugusu ili wakimbizi wavue wajitegemee. Wazo safi kabisa. Kulikuwa na kasoro moja ndogo: mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na mto wenye samaki uko nje ya kambi. Kwa hiyo watu wakapewa fimbo, wakanyimwa mto. Wakaomba Mungu awabariki wafadhili, halafu wakaanikia nguo.

Zilizobaki ziliishia kwenye meza ya Mama Esperance, Mkongomani anayeuza vitenge, betri na kila kitu ambacho mtu amepewa bila kukiomba. Cadet alikuwa amekwenda sokoni kutafuta mipira ya breki.

"Papa, shika hii," Mama Esperance akamwambia. "Iko ya zamani, iko solidi. Pinda! Usiogope, pinda! Haivunjikake."

"Mpya huna, mama?"

"Mpya? Mpya iko ya kuonyesha bantu. Hii iko ya kula."

Cadet akaipinda. Ikajikunja taratibu kuanzia nchani hadi karibu na mkono, kama mtu anayesikiliza kwanza ndipo ajibu. Ilikuwa ya faiba, nzito kidogo, rangi ya chai ya rangi. Mpini wake ulikuwa wa lile gome laini la vizibo vya chupa, umeshikwa na mtu mwingine miaka arobaini mpaka ukabonyea mahali pa dole gumba. Cadet akaweka dole lake pale. Likaenea. Basi, kwisha habari yake. Wengine wanaokolewa kwenye mkutano wa injili, yeye aliokolewa kati ya vitenge na betri.

Mipira ya breki hakununua.

Miaka miwili baadaye zilikuwa tano, zimening'inia chumbani kwake juu ya kitanda, na karakana yake ilikuwa imegeuka chuo. Ukileta baiskeli ina pancha, gurudumu linatolewa kwanza, mahubiri yanafuata, na huwezi kuondoka kwa sababu gurudumu analo yeye.

"Ya zamani imeshajaribiwa," Cadet anasema, tairi mkononi. "Hizi mpya za dukani ukizitazama vibaya zinakatika. Ya zamani yenye tabia ya kuvunjika ilishavunjika kitambo, haikufika huku. Hii iliyofika, imefika."

"Na samaki je?" mteja anauliza.

"Samaki ni suala lingine."

Kweli lilikuwa suala lingine. Kwa miaka yote miwili, Cadet alikuwa ametoa mto Malagarasi kambale wanne wadogo na mfuko mmoja wa saruji, mtupu. Wavuvi wenyewe wa mto, wenye mianzi ya kukata porini na migono, ile mitego ya kusuka, walikuwa wakimwona tu wanasogea kumpisha kwa heshima, kama unavyompisha mtu anayeongea peke yake barabarani.

Sasa haya yote yasingemdhuru mtu kama Cadet asingempenda Aline.

Aline ni fundi cherehani Kibondo mjini, binti wa Mzee Ininahazwe wa Murungu. Alikuwa anampenda Cadet, pamoja na mafuta yake ya mnyororo. Lakini kulikuwa na mwingine ameshapeleka barua ya posa, kijana mwenye pikipiki mpya, bado ina nailoni kwenye siti, na nailoni hiyo alikuwa haitoi makusudi ili watu wajue. Cadet ikabidi aharakishe. Akamtuma jirani yake Haidari, muuza mitumba, awe mshenga.

Haidari ana kipaji. Anaweza kukuuzia koti lisilo na mkono mmoja ukaondoka unashukuru. Mzee Ininahazwe akamkaribisha, akampa kiti, akamwuliza, "Huyo kijana wenu ana nini?"

"Ana ufundi wa baiskeli, mzee."

"Baiskeli! Siku hizi hata kuku wanaenda mnadani kwa bodaboda. Nini tena? Nasikia anakusanya vijiti."

Hapo ndipo kipaji kilipompeleka Haidari mahali ambapo hakutumwa. "Si vijiti, mzee. Ni zana za kazi. Kijana ni mvuvi."

"Mvuvi wa Heru Juu?" Mzee akacheka mpaka akashika ubavu. "Huko mnavua nini, mihogo?" Alipomaliza kucheka akawa si mtu wa kucheka tena. "Sikiliza, mwanangu. Jumamosi nakwenda mkutano wa kanisa Kasulu. Nitashuka daraja la Malagarasi nimwone huyo mvuvi. Nikikuta anavua, tutaongea. Nikikuta anachezea kijiti, namjibu yule wa pikipiki siku hiyo hiyo."

Jioni Aline akapiga simu. "Cadet, uza hizo fimbo ununue wavu."

"Wavu?" Cadet akasema, kama ameambiwa auze figo. "Wavu hauna hisia, Aline. Wavu unabeba tu."

"Na mimi nitabebwa na pikipiki, na hizo hisia zako utabaki nazo. Mimi huyo simtaki. Lakini baba akishajibu watu hajibu mara ya pili, unamjua. Jumamosi usiniaibishe."

Jumamosi, kumi na mbili asubuhi, Cadet alikuwa ukingoni chini ya daraja na fimbo yake ya kwanza, ile kongwe kuliko zote. Nyungunyungu alikuwa nao kopo zima. Haidari akakaa juu, kando ya lami, kazi yake kupiga mluzi mzee akishuka. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Saa tatu mto ukawa umetulia kabisa, kama na wenyewe umealikwa kushuhudia.

Saa nne Haidari akapiga mluzi. Mzee Ininahazwe alikuwa ameshuka kwenye gari, suti ya kijivu, Biblia kwapani, viatu vimepigwa rangi mpaka vinaakisi majani. Akaanza kuteremka kinjia.

Na samaki akala.

Hakudonoa. Alikula kama mtu aliyefunga siku arobaini. Fimbo ikajikunja mpaka mpinini, na rili ya kuzungushia uzi ikalia. Miaka miwili alikuwa anasubiri kitu hiki kimoja, na kimekuja wakati uleule na mkwe.

Huku Buha, nchi ya Waha, mkwe hasalimiwi kwa mdomo tu huku mikono ina kazi nyingine. Unaweka chini ulichoshika, hata kama ni jembe, hata kama ni mtoto. Unachuchumaa kidogo, unapiga makofi polepole kwa mikono mitupu, na unajibu habari zote moja moja mpaka yeye mwenyewe aone zimetosha. Kumsalimia mkwe mtarajiwa na kitu mkononi ni kumwambia kwamba hicho kitu ni kikubwa kuliko yeye.

Cadet akamtazama mzee. Akaitazama fimbo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mvuvi yeyote duniani angelifanya: akailaza fimbo kwenye majani, akaiwekea jiwe juu, akachuchumaa, akapiga makofi.

"Mwakeye, mzee wangu."

"Mwakeye," mzee akajibu, akapiga makofi naye. "Nyumbani kwenu?"

"Nyumbani kwema, mzee."

"Wazazi wameamka?"

"Wameamka."

Jiwe likaanguka. Fimbo ikaanza kutembea yenyewe kuelekea majini, taratibu, kama mtu anayetoka ibadani kabla ya sadaka. Cadet akaiona. Mzee akaiona pia, macho yakamtoka. Lakini maswali ya salamu alikuwa ameyaanza yeye, tena salamu za posa, na salamu za posa ukizikata katikati umejiletea mkosi wa ukoo mzima. Hakukuwa na njia ya kutoka ila kupita mbele. Akaongeza mwendo.

"Mihogo?"

"Ipo!"

"Maharage?"

"Yapo, mzee!"

"Mvua?"

"Imenyesha!"

"Mbuzi?"

"Hatuna!"

"Wagonjwa?"

"Hakuna!"

"Majirani?"

"Wapo, mzee, wote wapo, hakuna hata mmoja asiyekuwepo!"

"Basi tumshukuru Mungu!"

"Tumshukuru!"

Makofi ya kumalizia yalipigwa kama ya kuua mbu. Wakati huo mpini ndio ulikuwa unazama.

"Kimbia, wewe mjinga!" Mzee Ininahazwe akafoka, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya kwanza kwa mkwe wake mtarajiwa nje ya salamu.

Wakakimbia wote wawili kando ya mto, mmoja na ndala, mwingine na suti. Haidari aliyekuwa juu aliona tu vichwa vinakatiza kwenye majani, akajua mtu anapigwa. Fimbo ilinasa kwenye matete kwenye kona ya mto. Cadet akateleza kwenye tope akakaa chini. Mzee hakumsubiri. Akatupa Biblia kwenye majani makavu, akaingia majini na viatu vyake vyote, akaishika fimbo.

Samaki bado alikuwepo.

"Mzee, usivute!" Cadet akalia kutoka topeni. "Mwache aende, atachoka!"

"Nyamaza! Mimi nimekula samaki wa mto huu baba yako hajaoa!" Kisha sauti ikabadilika. "Mbona inapinda hivi?"

"Ndiyo kazi yake, mzee. Iache ipinde."

"Haitavunjika?"

"Hiyo ni ya zamani, mzee."

Mzee alikuwa anasikia yule samaki mkononi, kila anavyogeuza mkia, kila anavyofikiri. Mgono hauna hayo, unautega unakwenda kulala. Akalegeza, akavuta, akalegeza. Akaanza kutabasamu upande mmoja, tabasamu ambalo waumini wa Murungu hawajawahi kuliona. Ilichukua karibu nusu saa, na alipomtoa, kambale alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, ana sharubu kama mwenye mali.

"Shika samaki," akamwambia Cadet.

Cadet akashika samaki. Mzee akatoa leso, akaifuta fimbo kuanzia mpini mpaka nchani, kipete kwa kipete cha kupitishia uzi. Akaokota Biblia. Akapanda kinjia huku viatu vinapiga kelele za maji, akaongea na Haidari maneno machache, akasimamisha gari la Kasulu. Fimbo haikuenea ndani. Ikapitishwa dirishani, ikaondoka inachungulia nje kama antena.

Cadet akafika juu anahema, tope mpaka kiunoni, kambale mabegani.

"Amesemaje?"

"Amekubali, mwana! Aline ni wako. Amesema anayeweza kuacha samaki kama yule ili amsalimie mzee, huyo ni mjinga, lakini ni mjinga mwenye adabu. Yule wa pikipiki anajibiwa leo."

"Na fimbo?"

"Ya fimbo hakusema."

"Atairudisha?"

"Wewe ndiye mkwe. Kamdai."

Cadet akaitazama barabara ya Kasulu. Mkwe hadaiwi, hilo hata mbuzi ambao hana wanalijua.

"Ameuliza zipo ngapi," Haidari akaongeza.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia tano."

"Haidari! Umemwambia kwa nini?"

"Si ameuliza!"

Simu ikaita. Alikuwa Aline, kutoka kwenye cherehani. "Niambie haraka, moyo unanienda mbio. Baba kasema nini?"

"Amekubali."

Aline akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha akasikiliza. "Mbona sauti yako kama ya mtu aliye msibani?"

"Hamna," Cadet akasema. "Nimebeba samaki. Mzito."