Barua ya Pingamizi Ambayo Sikuifikisha

Habari ya kifo chake nimeipata kwenye sheli, nikiwa nimesimama na dumu langu kusubiri zamu ya mafuta ya taa. Mama anayeuza uji pembeni mwa pampu alinitazama, akashusha sauti. "Mzee, pole kwa msiba." Nikamuuliza msiba upi. "Hee, kumbe hujaambiwa? Yule bibi mwenye nyumba ya matairi. Amefia Maswa, kule Nyalikungu kwa binti yake. Wamezika juzi." Akaendelea kukoroga uji wake. Mimi ninaishi nyumba ya nne kutoka mlangoni kwake na nilikuwa jirani yake kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Habari ya msiba wake nimepewa na mtu aliyehamia mtaani kwetu mwaka jana. Nilijaza dumu, nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu yeyote mpaka jioni, maana nilijua nikianza kumzungumzia nitalazimika kufika mahali nisipopenda kufika. Wanaoisoma safu hii wanajua kwamba huwa sitaji majina ya watu. Leo pia sitayataja, ila uso ninaouficha safari hii ni wangu mwenyewe, na nitajitahidi usifichike sana.

Nyumba ya matairi haikuwa na jina hilo zamani. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, safi, iliyozungushiwa uzio wa minyaa ambao mumewe aliupanda mwaka waliohamia. Mtaa wetu uko ukingoni mwa mji wa Bariadi, upande wa barabara ya kwenda Lagangabilili, na tulipofika pale palikuwa mashamba ya pamba. Kati ya uzio wake na wa jirani wa pili ilipita njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji lamboni, imebanwa na minyaa pande zote mbili ili mifugo isiingie mashambani. Mumewe alifariki mapema, akamwachia uzio, binti mmoja na jembe. Yeye alikuwa mhudumu wa zahanati mpaka alipostaafu, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule alikuwepo walipozaliwa. Kila asubuhi nikipita alinisalimu kwa Kisukuma juu ya minyaa, "Mwangaluka, namhala," yaani habari za asubuhi, mzee. Nikiitikia, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, alikuwa na neno la kuongezea. "Bado upo? Nilidhani hayo magazeti yamekumaliza." Alikuwa na ulimi wa namna hiyo. Haukumuumiza mtu, ila haukumpita mtu.

Kisha likaja tangazo. Lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa na jingine kwenye nguzo ya umeme karibu na bomba. Mfanyabiashara mmoja, mtoto wa familia tuliyochunga nayo ng'ombe, aliomba viwanja vyake vibadilishwe matumizi kutoka makazi kuwa biashara: sheli, ghala la dengu na choroko, na yadi ya kuegesha malori. Mwenye pingamizi alitakiwa alilete kwa maandishi kabla ya siku iliyotajwa. Wengi wetu tulilisoma kama mtu anavyosoma matokeo ya mtihani ya mtoto asiye wake. Yule bibi alilisoma mara mbili, akaenda nyumbani akaizungushia duara siku ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani, halafu akaja kwangu na karatasi.

"Namhala, wewe ulifika kidato cha nne. Niandikie."

"Niandike nini?"

"Kwamba malori yatapita njia ya ng'ombe, na njia ile iko hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Kwamba watoto wanaivuka kwenda shule. Na usiniwekee Kiswahili cha harusi, waelewe. Mwisho kabisa uandike kwamba sitaki kuhama. Hilo liwe la mwisho ili walikumbuke."

Niliandika. Aliweka sahihi yake polepole, herufi moja moja, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Wakati ule nilikuwa nakwenda Halmashauri karibu kila wiki kufuatilia faili langu la kustaafu, kwa hiyo tulikubaliana niipeleke mimi. Ilikuwa kazi ya dakika tano: kuingia masijala, kuikabidhi, kugongewa muhuri kwenye nakala, kutoka.

Kosa langu lilianzia kwenye jambo ambalo wengi mtaliona jema. Kabla ya kuipeleka niliwaambia wazee wenzangu. Kwetu jirani hapelekwi ofisini kabla ya kukalishwa chini nyumbani. Anayeanza na karatasi anaonekana amemvua nguo mwenzake sokoni, na watoto wake watakumbushwa hilo hata kwenye mahari. Tukaamua barua ingoje kikao. Nilipomweleza bibi, nikamwambia kama tulivyozoea kuambiana, kawia ufike. Akanijibu, "Kawia ufike ni ya mwenye safari. Mimi sina safari, nipo kwangu. Ile tarehe ndiyo inayosafiri." Nilicheka, nikamwambia asiwe na haraka, kijana ni mtoto wetu.

Kikao cha kwanza kikaahirishwa kwa sababu ya msiba. Cha pili kikaahirishwa kwa sababu mfanyabiashara mwenyewe alikuwa Mwanza kwa shughuli zake. Cha tatu kilifanyika, naye akaja na beberu mkubwa mweupe, akasimama mbele yetu kwa adabu zote. "Baba zangu, mimi nimekulia hapa. Malori yatakuwa mawili, matatu. Yatapita mchana tu, na nitajenga ukuta, vumbi lisiwasumbue." Tuliridhika. Beberu akachinjwa. Na ninyi mnaotoka huku mnajua, ukishakula nyama ya mapatano huwezi kulirudia jambo lile. Tulikuwa tunakula alipoingia yule bibi, amevaa viatu vya kanisani.

"Nimesikia kuna nyama," alisema.

"Karibu, mayu," mzee mmoja akamjibu. "Kaa kule kwa kina mama, utaletewa."

"Nyama ya kesi yangu siili. Nani aliwaambia imekwisha?"

"Wewe nawe. Mbuzi ameshakufa, unataka tumfufue?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote, "Namhala, barua ilifika?"

Mfanyabiashara alikuwa amekaa mkono wangu wa kulia. Mafuta yalikuwa vidoleni mwangu. Barua ilikuwa ndani ya droo yangu, chini ya vyeti vyangu vya shule, na siku ya mwisho ilikuwa imepita siku mbili kabla.

"Ilifika," nikasema.

Kesho yake niliichukua nikaenda nayo. Karani wa masijala aliisoma, akatazama tarehe, akanirudishia. "Mzee, muda umepita, siwezi kuipokea." Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Niliikunja, nikaenda kuuliza habari za faili langu.

Sasa nisimulie la kiti, maana nisipolisimulia mtadhani alikuwa mtu wa kukaa na kulia. Msimu wa kwanza wa dengu, ukuta ulikuwa bado haujajengwa, na hata leo haujajengwa. Minyaa ya upande mmoja ilikuwa imekatwa kupanua njia. Malori hayakuwa mawili wala matatu, yalipanga foleni mpaka kwenye lami, na bodaboda zikapenya katikati yake kama panzi. Lori moja lilikuwa linarudi nyuma, likabomoa uzio wa bibi. Alitoka ndani na kiti cha miguu mitatu na ungo wa choroko, akaketi pale palipobomoka, akaanza kuchambua mawe. Dereva akapiga honi.

"Bibi, sogea, nina mzigo."

"Na mimi nina mzigo, huu hapa."

"Bibi, gari hili breki zake siziamini."

"Basi lipeleke kwa fundi. Mimi nilikuwa nazalisha, sikuwahi kutengeneza magari."

Watu walijaa. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Akazima injini, akashuka, akachuchumaa, akachambua naye choroko kidogo huku akimbembeleza. Wakafikia mahali pa kucheka. Aliondoka kwa kuzungukia upande wa pili, na kwa wiki nzima mtaa ulikuwa na hadithi hiyo tu. Wiki iliyofuata bibi aliitwa ofisi ya mtaa kujibu kwa nini anazuia biashara za watu. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati. Nilikuwa nimekaa upande wa meza wenye viti vizuri. Nilimshauri aombe radhi ili jambo liishe, naye akaomba, kwa sababu alikuwa ananiamini.

Baada ya hapo sikumsikia tena akisema sana. Ukuta wa chumba chake ulipata ufa, akauziba kwa udongo, ukarudi. Siku moja akitoka bombani, bodaboda iliyokuwa inalikwepa lori ikamgonga mguu. Hakuvunjika, lakini tangu siku ile alikuwa akisimama ukingoni mwa njia yake mwenyewe, ndoo kichwani, akitazama kushoto na kulia mpaka mtu amshike mkono. Kuna siku nilimvusha mimi. Binti yake alipokuja kumchukua, nyumba ikapangishwa kwa mtu wa matairi. Nilikwenda kumuaga. Alikuwa amekaa kwenye gari, mzigo wake umefungwa kwa khanga mbili, na akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo. "Wale watu wa Halmashauri wana roho mbaya, namhala. Barua waliipata, wakaitupa." Nilikuwa na nafasi. Gari lilikuwa bado halijawashwa, na tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Safari njema, mayu." Amekwenda kaburini akiwa na kinyongo na makarani wasiomfanyia kosa lolote.

Msinielewe kwamba napinga maendeleo. Tulishangilia mkoa ulipotangazwa na Bariadi kuwa makao yake, tukashangilia lami, na ninapougua nafika hospitali kwa muda mfupi kuliko ule aliotumia baba yangu kutandika baiskeli. Mkulima wa dengu anahitaji ghala, na ghala linahitaji lori. Ninachokiona ni kwamba tumeingia katika mambo ya karatasi tukiwa bado na mwendo wa kikao. Kikao kinangoja msiba uishe, kinangoja msafiri arudi, kinangoja mbuzi aive. Karatasi haingoji mtu. Mfanyabiashara yule aliyajua yote mawili. Sina hakika hata kama alitukusudia ubaya. Pengine alituheshimu kwa namna tuliyotaka kuheshimiwa, akaziacha siku zijiishie zenyewe. Sisi ndio tuliokuwa na hiari. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini mimi sikulia. Aliyelia ni mwanamke aliyekuwa hatua kumi kutoka njiani, na mimi nilikuwa nyumba ya nne, mahali ambapo vumbi hufika limechoka.

Mwezi uliopita tangazo jingine limebandikwa kwenye nguzo ileile. Safari hii ni baa na nyumba ya wageni, mkabala na njia wanayopita watoto wa shule. Niliandika barua ya pingamizi siku hiyohiyo, nikaipeleka siku hiyohiyo, nikagongewa muhuri. Afisa aliyenipokea, kijana mstaarabu, alinipa kiti na kufungua faili. "Mzee wangu, nitaipokea, lakini nisikudanganye. Eneo lile lilishakuwa la biashara. Hapa hakuna jipya la kubadilisha. Mngepinga lile la kwanza." Nikamwambia kulikuwa na mtu aliyepinga. Alipekua ukurasa mmoja mmoja, kwa subira, kisha akanigeuzia faili nisome mwenyewe. Pameandikwa kwamba muda wa pingamizi ulipita na hakuna jirani yeyote aliyepinga. Katika kumbukumbu za serikali yule bibi hakusema neno. Hakukaa njiani na ungo, hakukataa nyama, hakusema hataki kuhama. Amekuwa mmoja wa majirani walioridhia.

Jana nilimpigia simu binti yake kumpa pole, nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Kisha akasema, "Baba, mama alikuwa anakusifu kwa watu. Alisema kuna mzee mmoja tu aliyemsaidia. Hilo nalo utaniambia nilifanyeje?" Akanitakia siku njema, akakata.

Somo ninalolipata ni dogo, na limechelewa kumfaa aliyekuwa analihitaji. Ukikabidhiwa neno la mtu ulipeleke, lipeleke kama lilivyo na kwa siku yake. Usilipoze, usiliombee ruhusa kwa wenzako, usijifanye wewe ndiye unayejua wakati wake. Na wazee wenzangu tunaosifiwa kwamba mitaa yetu ina amani, tuwe tunatazama vizuri. Mtaa wetu hauna ugomvi siku hizi, hakuna anayemlalamikia mwenzake, malori yanapita. Yule pekee aliyekuwa na la kusema tulimchosha mpaka akanyamaza, na kimya chake ndicho tukakiita amani.