Mkungu Uliokatwa Bila Hodi

Juzi nilikwenda stendi ya Mbezi Luis kupokea mkungu wa ndizi uliotumwa kutoka Bukoba. Kondakta alipofungua buti la basi, harufu ya majani ya mgomba ikanirudisha, rafiki yangu, hadi Mtoni nilikokulia, kwenye uwanja wetu wa mchanga, bibi akimenya ndizi huku redio ikitangaza gwaride la Siku ya Mashujaa.

Bibi alitokea Kagera. Wavamizi walipovuka mpaka, alikimbia na mtoto mgongoni. Jirani yetu, mchonga vinyago kutoka kusini, alikuwa miongoni mwa askari waliokwenda kuwafukuza. Kwa hiyo kila mwaka siku hiyo bibi alimpikia ndizi na maharage, na kila mwaka jirani alikataa. Mara tumbo linamsumbua, mara kashiba.

"Anadharau chakula chetu," bibi alinung'unika. "Kwake yeye, kisicho ugali wa muhogo si chakula."

Nilipokuwa darasa la nne, uvumilivu ulimwisha bibi. Alibeba sufuria mwenyewe hadi kibarazani kwa jirani, nami nyuma yake.

"Afande, leo utakula, au uniambie nimekukosea nini."

Jirani aliweka patasi chini. "Dada, mie ndiye mkosa. Tulifika kule vijiji vitupu, watu mmeshakimbia. Njaa ilinishinda, nikakata mkungu kwenye shamba la mtu, bila hodi. Toka siku hiyo nikiona ndizi, namwona mwenyewe anarudi, anakuta nimemwibia. Nawe unaniita shujaa!"

Bibi alitua sufuria chini. Niliogopa.

"Mikungu mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu? Askari mzima!" Bibi akaangua kicheko. "Kaka yangu, tulipokuwa tunakimbia mama alilia njia nzima, ndizi zake zinaachiwa waliotufukuza. Angejua umekula wewe, angekuletea na maharage!"

Jirani alicheka, akafuta macho kwa kanzu, akanawa. Tonge la tatu akauliza, "Humu pilipili hamtii?"

Mwaka uliofuata jirani alikwenda kwenye gwaride kusimama na askari wenzake wa zamani, kwa mara ya kwanza.

Sasa wote wawili wametangulia, na kibaraza kile ni fremu za maduka. Kaburi la jirani halina hata neno moja la vita. Lakini mimi nilimwona akirudisha sahani tupu, na najua alitangulia moyo ukiwa mwepesi.