Njia ya Kupitia Printa

Jumatano, Agosti 1988. Upepo tangu asubuhi, vumbi jekundu la Voi hadi ndani ya kabati. Mawingu yako juu ya milima, mvua hakuna.

Wiki iliyopita mahudhurio ya wakataji wote wa mkonge yalifutika kwenye kompyuta ya shamba. Sisi makarani watatu tunaruhusiwa kuingiza na kuchapa tu. Kufuta ni meneja peke yake, kwa neno lake la siri. Lakini mimi ndiye niliyetoka ofisini mwisho siku hiyo, na lawama zinaniangukia mimi. Kazi ikienda, na nyumba inaenda, kwa sababu ni ya shamba.

Leo nilimwambia injinia aliyeletwa kutoka Mombasa kwamba karani yeyote anaweza kufuta. Mashine ikianza kuchapa huazima uwezo wa meneja kidogo. Ukiikatiza hapo hapo, haiurudishi, unabaki nao wewe. Ilinitokea mwaka jana printa ilipokwama, nikaogopa, nikakatiza kuchapa.

"Hebu nionyeshe, ndugu yangu."

Meneja akasimama nyuma yangu. Mara ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa, nikaanza kufikiri labda niliota. Ya tatu, skrini ikanikubalia kila kitu.

Injinia akavuta kiti. "Hili tundu liko kwenye kiini cha mashine. Walioitengeneza ndio wameliacha. Yeyote anayeketi hapa angeweza kupita."

"Na wangapi wanaijua hiyo njia?" meneja akauliza.

Injinia akanitazama. "Aliyenionyesha ni huyu tu."

"Basi," meneja akasema.

Karani mwenzangu, mama mmoja kutoka kijiji cha Ronge, akaninong'oneza, "Baba, si ungenyamaza. Kamba ya kukunyonga umeileta wewe mwenyewe." Nisimwonee, alimwambia meneja wazi kwamba hajawahi kuniona nikifuta kitu.

Meneja pia nisimwonee. Wakataji wamejaa uani wanataka jibu, na jibu alilonalo ni mimi. Kibaya zaidi, siwezi kuapa. Jioni ile mahudhurio yalipofutika, printa ilikwama tena, nikabonyeza hiki na kile nikitaka kwenda nyumbani. Sijui nilibonyeza nini.

Injinia alisema atawaandikia watengenezaji walizibe hilo tundu. Nikamwuliza itachukua muda gani. Akaanza kufunga mkoba wake.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshaambiwa. "Baba watoto, wamesema kesho asubuhi tuwape funguo." Vyombo vyote vilikuwa vimefungwa ndani ya shuka, imebaki sufuria moja. Tukala kimanga, mihogo na maharagwe ya kuponda, humo humo sote, bila sahani.