Upande wa Timazi

Watu wakitaka kumnyamazisha mtu humwambia hasira hasara. Shangazi yangu ameambiwa hivyo na ukoo mzima, na wa kwanza kumwambia alikuwa yuleyule aliyemkasirisha. Mimi niko upande wake tangu mwanzo, kwa hiyo anayetafuta hakimu akatafute kwingine.

Shangazi ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini ameshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, siku hizi tukiwa na cherehani mbili, yake na yangu, pasi ya mkaa, na mkasi mmoja mweusi ambao ole wako uuguse. Mkasi ule hukata kitambaa tu. Nilipokuwa mgeni pale niliukatia karatasi, akaninunia siku tatu, hata chai nikawa najimiminia mwenyewe.

Kaka yake, baba mkubwa wangu, ni mwashi mstaafu. Mtaa mzima unamwita Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi hupimia kama ukuta umenyooka. Mpaka leo anatembea nayo mfukoni. Ukimkaribisha kwako, kabla hajaketi ameshakuambia mlango wako umeinama. Hajawahi kukosea ukuta, na kwa sababu hiyo anaamini hajawahi kukosea chochote.

Bibi alipofariki aliacha nyumba, ua na mwembe. Embe zake zilikuwa ndogo, za kijani hata zikiiva, mpaka uzinuse ndipo ujue zimekuwa tayari. Hazikuwa na nyuzi hata moja. Zilianza kuiva wakati embe za wengine zimeshakwisha sokoni, na cherehani ya kwanza ya shangazi ilitoka kwenye embe hizo. Timazi, kwa kuwa ndiye mkubwa, aliamua ua ujengwe vyumba sita vya kupangisha. Hakumwambia dada yake. Jirani ndiye aliyepiga simu kusema msumeno unalia uani kwa mama yenu.

Shangazi alitoka mbio na mkasi mkononi, maana ndio aliokuwa ameushika. Nilimfuata. Tuliukuta mwembe umelala chini, majani bado mabichi, vibarua wakiupasua kuni. Hakupiga kelele. Alipanda juu ya gogo akaanza kukata vijiti vya nchani, vile vyenye macho yaliyovimba, kwa mkasi wake wa kitambaa. Nilipouona mkasi ule ukitafuna mti ndipo nilipojua ukubwa wa jambo lenyewe. Timazi, aliyekuwa akiwasimamia vibarua, akamwambia huku akicheka kwamba kuni zipo tele, hana haja ya kuokota vijiti.

Bwana miche wa barabarani kwetu alimfundisha kubebesha. Unachukua mche ulioota kutokana na kokwa yoyote, unaukata kichwa, unaupasua katikati, unachonga kijiti chako kama kabari, unakiingiza kwenye mpasuko, gome likutane na gome, halafu unafunga kwa utepe wa plastiki. Shangazi aliuliza kwa nini asipande tu kokwa ya embe ya mama yake. Bwana miche akamwambia kokwa ya embe ile haizai embe ile, inazaa inachotaka yenyewe. Basi akabebesha miche mitano. Minne ilikauka. Wa tano ulitoa jani moja jekundu, akaniita niache kazi nikalione.

Tuliupanda uani kwake shangazi, shimo la kufika magotini, samadi iliyooza vizuri, nyasi kavu juu ya udongo lakini zisiguse shina. Kila asubuhi kabla ya chai aliukagua. Vichipukizi vilivyoota chini ya pale alipounga alivitoa kwa ukucha.

"Mama yuko juu ya mshono," aliniambia. "Chini ya mshono ni mti wa jalalani."

Mwaka wa pili, shule zilipokaribia kufunguliwa, tulizidiwa na sare. Kwa wiki nyingi hakuukagua mti, na hilo anajilaumu mpaka leo, ingawa mimi simlaumu. Ndipo Timazi akaja kumtengenezea ukuta wa jiko. Nisimnyime haki yake, ukuta aliujenga, na aliujenga vizuri. Lakini siku ya tatu sisi tulikwenda shuleni kupeleka sare, yeye akamaliza kazi mapema, na mtu mwenye nguvu zilizobaki na msumeno mkononi ni hatari kuliko mwizi.

Tuliporudi alasiri alikuwa amesimama karibu na mwembe akisubiri kushukuriwa. Vichipukizi vitatu vya chini vilikuwa vimesimama wima, vinene kama penseli. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Nimekutengenezea na mti wako, mdogo wangu," alisema. "Kile kitawi kilikuwa kimepinda, kina kidonda umekifunga plastiki. Nimekitoa. Hivi vitatu vimenyooka."

"Kiko wapi?" shangazi aliuliza.

Akaelekeza kidole jalalani. Kuku walikuwa wameshakifikia. Shangazi alipiga magoti kwenye taka akiwa na gauni lake la kutokea, akakitoa. Majani yalikuwa yamelegea, lakini alipokwangua gome kwa ukucha, ndani palikuwa bado kijani. Mimi hapo nilishindwa. Nilimwambia baba mkubwa kwamba amemkata bibi mara mbili, na nilimwambia mengine ambayo mtoto hamwambii mzee, na siyajutii. Akasema kizazi hiki hakina adabu. Akaosha mwiko wake taratibu, akaondoka, na kabla ya magharibi ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba shangazi amemfukuza kaka aliyemjengea ukuta, kisa kijiti.

Shangazi wakati huo alikuwa amekaa chini na kisu, akibebesha upya. Alivikata vichipukizi viwili akaviunga kwa vijiti alivyopata kwenye kile kitawi. Nikamuuliza cha tatu tukitoe.

"Hicho kiache," alisema. "Hicho ni cha kaka."

Nilidhani hasira imemchanganya. Hasira ilikuwapo, ila haikuwa imemchanganya hata kidogo.

Ndugu walikuja, wakanywa chai yake, wakasema damu ni nzito kuliko maji, mti ni mti tu, amwombe kaka yake radhi. Aliwaambia hataki kitu isipokuwa neno moja, nimekosa, na likisemwa yataisha siku hiyohiyo. Wakampelekea Timazi ujumbe. Akajibu kwamba alitenda wema, na wema hauombewi msamaha. Shangazi akaendelea kushona. Kwa miaka mitano hawakusalimiana, na kila msiba na kila harusi alikuta mtu wa kumnong'oneza kuwa hasira hasara.

Kati ya vile viwili, kimoja kilishika. Mti ukakua na pande mbili, wa mama na wa kaka. Maua ya kwanza ya upande wa mama aliyavunja yote kwa mkono ili tawi lipate nguvu, nusura nilie. Majirani walimcheka kwa kuunyima maji wakati wa kiangazi, naye akawaambia mwembe ukinyweshwa kabla ya maua huleta majani matupu. Baada ya maua ndipo alipoumwagilia. Akatundika chupa za mtego wa inzi wa matunda, na za upande wa Timazi alizitundika kwa uangalifu uleule. Mvumilivu hula mbivu, nami nilikuwa nishachoka kuvumilia.

Mwaka ule mti ulipozaa sawasawa, upande wa Timazi ulijaa embe kubwa zenye mashavu mekundu, kila mpita njia akizitamani. Upande wa mama ulikuwa na embe thelathini na moja, ndogo, za kijani.

Timazi alisikia, akaja na mfuko. Alisimama chini ya mti, akatazama upande wake ulivyonyooka na ulivyojaa.

"Si niliwaambia?" alisema.

Shangazi akamletea kigoda, sahani na kisu, akamchumia moja kubwa kuliko zote. Akamwambia ale, huo ni upande wake. Alikata, akatafuna. Ilikuwa chachu, ina harufu ya mafuta ya taa, na nyuzi zilimjaa menoni akawa anazivuta kwa vidole. Kwa kiburi chake akaila mpaka kokwa. Mimi nilikuwa kibarazani nikimenya moja ya kijani, makusudi kabisa, upande unaotoka upepo.

Aliacha kuvuta nyuzi. Harufu ilimfikia kabla hajanitazama, akainua uso, akanyoosha mkono. Mimi nisingempa. Shangazi alimpa, nzima. Aliishika puani muda mrefu, akaila amefumba macho, na alipomaliza sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nikatie na mimi kijiti, mdogo wangu. Nikapande kwa mama."

"Utapanda wapi, kaka?" shangazi alimuuliza. "Ua wote umeumwagia zege."

Alikaa akitazama sahani yenye kokwa mbili. Kisha akaichukua ile isiyo na nyuzi, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni pamoja na timazi yake, akasema atatafuta hata ndoo. Lile neno moja hakulisema. Shangazi alirudi kwenye cherehani, mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka barabarani, na njia nzima alinieleza namna atakavyoichagua ndoo na mahali atakapoiweka ipate jua. Nilijua kokwa ile haitamzalia embe ya bibi. Nilikuwa na ulimi, na njia ilikuwa ndefu, lakini sikumwambia.