Kuku Aliyelalia Kola za Sare

Jua la asubuhi bado ni la uvuguvugu. Fundi cherehani anasimamisha mguu ghafla. Kifaranga amepenya chini ya kiti, akazunguka guu la cherehani, na sasa amesimama juu ya pedali kana kwamba amekuja kupimwa nguo.

"Shuka, bwana mdogo, wenzako tuna kazi," fundi anamwambia.

Kifaranga hana habari. Mama mkwe wa fundi, aliyeketi mkekani kando yake na sindano mkononi, anacheka mpaka miwani inamteleza puani.

Miezi michache iliyopita, kicheko hicho hakikuwepo katika nyumba hii.

Fundi ni mke wa mwashi anayefuata kazi za ujenzi mbali na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Wana binti mmoja, wanayemwita Kitinda kwa utani, maana ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Cherehani iko barazani, na nje ya baraza tu mahindi yanaanza. Wateja wake ni watu wa humuhumu kijijini, wanaomwachia nguo wakienda mashineni kusaga na kuzichukua wakirudi.

"Shule zikikaribia kufunguliwa, tunakula vizuri," anasema. "Zikishafunguliwa, naishi kwa viraka na zipu zilizokatika."

Baba mkwe alipofariki, mwashi alimchukua mama yake na kumleta hapa. Bibi alikuja na mfuko mmoja, akauweka kando ya kitanda, asiufungue. Chakula alikuwa akionja tonge mbili, anashukuru, anasogeza sahani. Kila jioni maneno yake yalikuwa yaleyale: "Kesho nipelekeni kwangu."

Kwake kulikuwa na nyumba tupu na kufuli mlangoni.

"Mimi nilikuwa namwogopa tangu nilipoolewa," fundi anakiri huku akitunga uzi. "Tulikuwa tunasalimiana kwa adabu, basi. Sasa tumo nyumba moja, mume wangu mwenyewe hayupo, na mimi sina la kumwambia. Anazidi kukonda. Nikawa nasema kimoyomoyo, huyu mama atanifia mikononi, halafu niambiwe sikumtunza."

Mambo yalipogeuka, ilikuwa kwa jambo la kipuuzi kabisa.

Fundi alikuwa amebanwa na sare. Kola za mashati alishazikata zote na kuzipanga kwenye kapu chini ya meza. Alipoinama kuchukua moja, akadonolewa mkono. Kuku wa jirani, yule mwekundu asiyekuwa na adabu, alikuwa amejitandaza juu ya kapu, manyoya yamemsimama. Kumbe alikuwa akitagia humo kwa siku kadhaa, na sasa ameanza kuatamia.

Fundi akachukua ufagio.

"Mwache!"

Sauti ilitoka mlangoni. Fundi aligeuka akidhani ni mtu wa nje. Alikuwa mama mkwe, amesimama wima, kidole juu.

"Mama, amelalia kola za watu!"

"Ndiyo ameshalalia. Utamwambia nini sasa?"

"Na wanafunzi je?"

"Wavae mashati bila kola. Kwani shingo zao zitaanguka?"

Kisha Kitinda, aliyekuwa akimenya karanga kizingitini, akapasuka kwa kicheko. Bibi akajaribu kujikaza, midomo ikamsaliti. Fundi mwenyewe aliangusha ufagio, akakaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Anasema hata leo hajui machozi yale yalikuwa ya nini.

Mchana ule bibi alimaliza sahani, akaomba maharage zaidi.

Kola zilibidi zikatwe upya, na muda ulikuwa umekwisha. Bibi akajitolea kushona vifungo. Hakuwahi kushona kitu maishani; kazi zake zilikuwa jembe na mifugo. Shati la kwanza lilifungwa kwa upande, ambaye angelivaa angeonekana bega moja limepanda na jingine limeshuka. Fundi hakuthubutu kusema. Akasubiri bibi aingie ndani, akaanza kufumua kimyakimya.

"Unadhani sioni?" bibi akamuuliza kutoka dirishani.

Fundi akaweka mkasi chini.

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe msamaha. Nifundishe."

Ndivyo alivyofundishwa, bega kwa bega mkekani. Na katika kushona wakajikuta wanaongea. Bibi alimweleza jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma, na jinsi ukimya wa chumba unavyomwamsha sasa. Fundi naye alimweleza upweke wa mke ambaye mume wake hujenga nyumba za wengine.

"Nilikuwa nadhani ananidharau," fundi anasema kwa sauti ya chini.

Bibi amesikia. "Na mimi nilidhani nimekuwa mzigo. Unakaa kwa watu, kila mtu ana kazi yake, wewe unangoja chakula tu. Inauma, mwanangu."

Vifaranga walipototolewa, wote watatu waliacha kazi wakapiga magoti kuzunguka kapu. Mwenye kuku alikuja kudai chake. Bibi akamwambia kuku ni wake, hilo halina ubishi, ila vifaranga wamezaliwa juu ya kola za watu, kwa hiyo wagawane. Jirani alicheka, akakubali.

Habari ya kurudi kwake haisemwi tena. Mwashi aliporudi mwisho wa mwezi na kuuliza kama amtafutie mama usafiri, aliambiwa asimkatize mama, anahesabu matundu ya vifungo.

Fundi ana mpango wa kununua cherehani ya pili, hata iliyotumika, waweze kupokea sare za shule ya ng'ambo ya mto. Lakini kuna kazi anayotaka kuifanya kwanza. Kwa miaka yote hii hajawahi kumshonea mama mkwe wake nguo. Anachukua utepe, anampima mabega.

"Gauni la namna gani, mama?"

"La mifuko miwili. Mikubwa."

"Ya kuwekea nini?"

Bibi anafikiri kidogo, mikono imeinuliwa, kiuno kikisubiri kupimwa.

"Nitajua nikishalivaa."